Mwanangu yuko Marekani: nihofie nini hasa?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 61, naishi Tanga. Mwanangu amehamia Columbus, Ohio, na mkewe ana mimba ya miezi mitano. Anafanya kazi ghalani kupitia wakala na bima yake bado haijaanza. Ana presha kama marehemu baba yake. Tangu afike hajakanyaga hospitali kwa kuogopa bili, dawa ananiagiza mimi. Huku kwenye simu kila siku naletewa video: chakula cha Marekani kina rangi za sumu, maji yametiwa floraidi, chanjo zinaleta usonji, hospitali zinafilisi watu. Wengine wanasema huko ndiko dunia nzima inakokwenda kutibiwa. Nishike lipi? Mungu akijalia nitakwenda mwenyewe kumkanda mzazi. (Bi. Z.A., Tanga)

JIBU: Shikamoo mama. Nimesoma barua yako, na kilichonishtua si rangi wala floraidi. Ni kijana mwenye presha asiyekwenda hospitali. Nitaanza na hayo ya kwenye simu kwa kuwa ndiyo uliyouliza, ila ujue tangu sasa kwamba safari yetu inaishia kwenye presha hiyo.

Marekani ina kioja kimoja ambacho si uzushi wa video. Mwaka 2023 nchi ile ilitumia dola trilioni 4.9 kwenye afya, sawa na dola 14,570 kwa kila mkaazi, mtoto hadi mzee. Hakuna taifa kubwa linalofikia hapo. Na bado Mmarekani aliyezaliwa mwaka huo alitarajiwa kuishi miaka 78.4, wakati Mjapani hutarajiwa kufika karibu 84. Ubishi wote unaousikia umezaliwa hapo: pesa zote hizi, mbona hawaishi kama wenzao? Kila kundi lina mshitakiwa wake. Wa huku wanasema chakula, wa kule kampuni za bima, wengine watengeneza dawa, wengine chanjo. Na tangu Februari 2025, alipoapishwa Robert F. Kennedy Jr. kuwa waziri wa afya, mwanasheria aliyepinga chanjo kwa miaka mingi, ubishi wenyewe umeingia hadi wizarani.

Sisi wa afya ya jamii tumefundishwa kuanza na hesabu ya vifo, maana kifo hakina chama. Mwaka huohuo wa 2023, watu wapatao 105,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa za kulevya. Bunduki ziliua zaidi ya 46,000, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Barabara zikachukua karibu 41,000. Vifo hivi vingi ni vya watu wa umri wa mwanao, na kijana mmoja akifa hupunguza wastani wa umri wa taifa kuliko wazee kadhaa. Nyuma ya hao kuna jeshi kubwa linalokufa polepole. Ugonjwa wa moyo ndio muuaji wa kwanza, na watu wazima wanne katika kila kumi wana unene uliopindukia.

Habari ya dawa za kulevya inamhusu mwanao kuliko unavyodhani. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilileta sokoni OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii ya afyuni, ikawaaminisha madaktari kwamba si rahisi mgonjwa kukizoea. Wakaandikiwa wenye mgongo, wenye magoti, hata waliong'olewa meno. Kampuni ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, na tena 2020. Wakati huo waliokwisha kunaswa walikuwa wamehamia kwenye heroini, kisha kwenye fentanili, ambayo chembe zake chache zinatosha kuzima pumzi. Mwaka 2024 vifo vilishuka hadi kama 80,000, jambo la kushukuru, lakini bado ni wengi mno. Sasa, kijana anabeba maboksi ghalani usiku kucha. Mgongo utauma tu. Mwambie kidonge cha maumivu akinunue mwenyewe duka la dawa, kikiwa kwenye paketi yake. Asipokee cha mwenzake hata kikiwa na nembo anayoijua, kwa sababu vidonge bandia vyenye fentanili hutengenezwa vifanane kabisa na vya halali. Onyo hili moja lina uzito kuliko video zote za rangi ulizotumiwa.

Na hizo rangi? Hapa sitakudanganya kwamba ni uzushi mtupu. Rangi nyekundu namba 3 ilipigwa marufuku kwenye vipodozi vya Marekani mwaka 1990, baada ya kuonekana kusababisha uvimbe wa saratani kwenye tezi za panya waliolishwa nyingi. Kwenye pipi na keki ikaachwa hadi Januari 2025, ndipo ikaondolewa kibali. Miaka 35! Mtu ana haki ya kuuliza nani alikuwa amelala. Sheria yao ya mwaka 1958 ina mwanya pia: kampuni inaweza kujiamulia yenyewe kwamba kiungo fulani ni salama, ikakitia kwenye chakula bila hata kuitaarifu serikali. Wanaolalamikia hilo wana hoja, nami niko upande wao.

Lakini ukiiondoa rangi kwenye pipi, pipi inabaki. Kinachowadhuru Wamarekani mezani ni sukari, chumvi na wingi, na namna chakula kinavyotengenezwa kikapita kooni bila kujaza tumbo. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall, wa taasisi za taifa za afya za Marekani, aliwaweka watu 20 ndani akawalisha wiki mbili vyakula vya viwandani vilivyosindikwa kupita kiasi, na wiki mbili vyakula vya kawaida, kila mmoja akila atakavyo. Kwenye chakula cha viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, bila kushurutishwa na mtu. Na zaidi ya nusu ya kalori anazokula Mmarekani zinatoka kwenye vyakula vya namna hiyo. Mwanao aliyekulia ugali, samaki na mchicha, sasa anakula mapumziko ya saa sita usiku kutoka mashine ya soda. Presha yake inalijua hilo hata kama yeye hajalijua.

Floraidi nitaimaliza upesi, kwa sababu sisi Watanzania tuna ushahidi wetu. Umewaona watu wa Arusha na vijiji vya chini ya Mlima Meru wenye meno ya kahawia. Ile ni floraidi ya asili inayotoka kwenye miamba ya volkano, na sehemu kama Maji ya Chai maji yanayo mara kadhaa ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Wamarekani, walioanza kuitia majini mwaka 1945 katika mji wa Grand Rapids ili kuzuia meno kuoza, leo wanapendekeza 0.7. Mapitio makubwa ya serikali yao yaliyotoka 2024 yaliihusisha floraidi na akili za watoto pale inapozidi 1.5, ila hayakuthibitisha hilo kwa 0.7. Wataalamu wanaendelea kubishana kama bado ina faida, kwa vile siku hizi iko kwenye dawa ya meno, na jimbo la Utah limeshaipiga marufuku majini. Ni ubishi halali. Si jambo la kukukosesha usingizi Tanga.

Kwenye chanjo sina ubishi wa kukupa. Habari ya usonji ilianzia kwa daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, aliyechapisha mwaka 1998 utafiti wa watoto 12. Jarida lenyewe liliufuta mwaka 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Wadenmark wakawafuatilia watoto 657,461 na kutoa matokeo 2019: waliochanjwa surua hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Lakini uongo ulishasafiri, ukatufikia hata watu wa pwani yetu huku. Wasomali wa Minneapolis, mji wa Marekani, walikuwa wakichanja watoto kuliko majirani zao, kama asilimia 92 mwaka 2004. Wapinga chanjo wakawafuata, Wakefield mwenyewe akakutana nao, na kufika 2014 asilimia ikawa 42. Mwaka 2017 surua ikawaingilia, watu 75 wakaugua, wengi wao watoto wa Kisomali. Mjukuu wako akizaliwa Ohio achanjwe. Video zinazosema vinginevyo zifute, wala usizisambaze kwenye kundi la ukoo.

Utaniuliza, kama mambo ndivyo yalivyo, mbona wanapigania rangi na floraidi? Nionavyo mimi, kwa sababu ni ugomvi wa bei nafuu. Kampuni ya pipi hubadilisha rangi, waziri akapigwa picha, kila mtu akaenda nyumbani. Ukigusa bunduki, au bei za hospitali, umegusa watu wenye wabunge wao. Mwaka 2003 wachumi, akiwemo Uwe Reinhardt wa Chuo Kikuu cha Princeton, walilinganisha Marekani na nchi nyingine tajiri, wakakuta Wamarekani hawalali hospitali siku nyingi zaidi wala hawaendi kwa daktari mara nyingi zaidi. Wanalipishwa zaidi kwa huduma zilezile, basi. Na kila bei ina mwenyewe anayekula hapo.

Mfumo wenyewe haukubuniwa na mtu, ulijikusanya. Mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ilizuia mishahara kupanda, waajiri wakaanza kuvutia wafanyakazi kwa kuwapa bima ya afya, na kodi ikaisamehe bima hiyo. Ndiyo maana mpaka leo matibabu yamefungwa kwenye ajira. Rais Truman alitaka bima ya taifa mwaka 1945, chama cha madaktari kikampinga akashindwa. Mwaka 1965 Rais Johnson akasaini Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini, na waliobaki katikati wakaachwa wajitafutie. Sheria ya Obama ya 2010 ikawaingiza wengi wao, ikakataza kampuni kumnyima mtu bima kwa sababu tayari ni mgonjwa, lakini watu kama milioni 26 hawakuwa na bima yoyote mwaka 2023. Ugomvi haujaisha: Oktoba 1, 2025 shughuli za serikali kuu zilifungwa kwa siku 43, na chanzo kilikuwa ruzuku za bima zinazonunuliwa chini ya sheria hiyo ya Obama.

Sasa bili, maana ndiyo inayomtisha mwanao. Bei ya hospitali ya Marekani ni kama bei ya kanga kwa mgeni sokoni: inayotajwa si inayolipwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana anashikwa na maumivu ya kifua, analala usiku mmoja, hospitali inaandika dola 12,000. Akiwa na bima, kampuni ilishakubaliana na hospitali kwamba huduma hiyo ni 4,500. Kisha kuna kiwango cha kujilipia kwanza kabla bima haijaanza kuchangia, tuseme 3,000. Hizo ni zake. Inabaki 1,500, naye anachangia asilimia 20, yaani 300. Jumla katoa 3,300, na kila mwezi kwenye mshahara alikuwa akikatwa ada ya bima hiyohiyo. Asiye na bima ndiye mara nyingi huletewa ile 12,000 nzima. Kwanza itakuja barua ya kampuni ya bima yenye tarakimu za kutisha, na juu yake imeandikwa wazi kwamba hiyo si bili. Watu wetu wengi hulipa kwa hofu kabla ya kusoma mstari huo.

Kwa hiyo asilipe siku ileile. Aombe bili iliyochanganuliwa huduma moja moja, ailinganishe na barua ya bima, aulize kila asichokielewa. Kama hospitali ni ya yale mashirika yasiyo ya faida, na nyingi ni hizo, sheria inaitaka iwe na mpango wa kuwapunguzia au kuwasamehe wenye kipato kidogo, na ana siku 240 tangu bili ya kwanza kutuma maombi. Hakuna atakayemwambia dirishani, aombe fomu mwenyewe. Tangu Januari 2022 kuna pia sheria inayozuia bili za kushtukiza za daktari asiye kwenye orodha ya bima yako aliyekukuta kwenye dharura. Ila ambulensi ya barabarani iliachwa nje ya sheria hiyo, na ndiyo inayotoa bili za ajabu. Hata hivyo, mdomo ukipinda, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito au kifua kikibana, wapige 911, namba ya dharura ya kule, bila kuhesabu pesa. Sheria ya 1986 inazilazimu karibu hospitali zote zenye chumba cha dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa hata akiwa hana senti. Deni hujadiliwa. Kiharusi hakijadiliwi.

Na kwa presha yake ya kila siku, hahitaji chumba cha dharura wala kusubiri bima. Kuna vituo vya afya vya jamii vinavyosaidiwa na serikali kuu, karibu kila mji mkubwa, na Columbus wanavyo. Vinatoza kulingana na kipato na havimfukuzi mtu kwa kukosa bima. Vya mwanzo vilifunguliwa Boston na Mound Bayou, Mississippi, miaka ya 1960. Mwanzilishi mmoja, daktari Jack Geiger, wazo hilo alilichota Afrika, alipokuwa mwanafunzi katika kituo cha Pholela, Afrika Kusini. Hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka, maana tumezoea kuambiwa kila kitu kinatoka kwao kuja kwetu.

Afike hapo apimwe presha, figo na sukari. Akiona Kiingereza cha hospitali kinampiga chenga, aombe mkalimani wa Kiswahili. Huletwa kwa simu, bure, na ni haki yake. Dawa za zamani za presha, zile zile unazomnunulia hapo Tanga, maduka mengi ya kule huziuza kwa dola chache kwa mwezi akiwa na cheti cha daktari. Mzigo unaomtumia, mama, haumwokolei pesa kama mnavyodhani, na unamfanya ajione anatibiwa wakati hakuna anayempima. Kuhusu bima ya kazini, mwajiri anayeitoa haruhusiwi kumsubirisha zaidi ya siku 90. Amuulize wakala kwa maandishi inaanza lini.

Mkazamwana wako sasa. Kliniki asisubiri bima ya mumewe. Medicaid hulipia karibu uzazi manne katika kila kumi Marekani, na majimbo mengi hayawasubirishi wajawazito wenye vibali halali ile miaka mitano wanayosubirishwa wahamiaji wengine. Aende kituo hichohicho cha jamii, wana watu kazi yao ni kuwajazia wagonjwa fomu hizo. Mtoto akizaliwa na bima ya kazini ikiwa imeanza, baba ana siku 30 za kumwandikisha. Zikipita, huenda akasubiri hadi msimu wa uandikishaji mwaka unaofuata.

Lipo jambo lingine la uzazi ambalo wengi huku hawalijui. Mwaka 2023 wanawake weusi wa Marekani walikufa kwa uzazi kwa kiwango cha 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, na weupe 14.5. Umaskini peke yake hauelezi pengo hilo. Serena Williams, tajiri na bingwa wa tenisi wa dunia, alipojifungua mwaka 2017 alihisi pumzi zinakatika, akawaambia wauguzi kwamba ana damu iliyoganda kwani ilishawahi kumpata. Alisimulia mwenyewe kwamba ilibidi ang'ang'anie ndipo apigwe picha ya mapafu, na damu iliyoganda ikaonekana. Zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na uzazi kule hutokea kati ya wiki moja na mwaka mmoja baada ya kujifungua, wakati pongezi zimekwisha na mzazi yuko nyumbani peke yake.

Hapo ndipo kwenda kwako kunapokuwa na maana kubwa kuliko kukanda. Kichwa kikimuuma kisipone, akiona maruweruwe, uso au mikono ikivimba, damu ikijaza pedi ndani ya saa moja, akipata homa au akihema kwa shida, ni hospitali saa hiyohiyo, na mseme mlangoni kwamba amejifungua karibuni. Na kukanda kwenyewe nakuomba sharti moja. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa wa moto na unauma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, usiuguse. Hiyo huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na mkono wako ukiisukuma inaweza kupanda mapafuni. Kama alizaa kwa upasuaji, tumbo lisikandwe wala kufungwa mkaja bila daktari wake kuruhusu.

Wewe mwenyewe, bima yako ya hapa nyumbani haitakufaa Ohio, na Medicare si ya wageni. Nunua bima ya safari kabla ya kupanda ndege, uwaambie ukweli kuhusu kila ugonjwa ulio nao hata kama ada itapanda, kwa sababu ugonjwa uliofichwa ndio wanaoutafuta siku ya kulipa. Soma kama inagharimia ugonjwa wa zamani ukizidi ghafla. Nyingi za bei rahisi hazifanyi hivyo. Dawa zako za miezi yote ya safari zibaki kwenye vifurushi vyake vya asili pamoja na cheti, uzibebe kwenye mkoba wa mkononi. Na kwenye mzigo tia kipimo cha presha cha mkononi, umpime kijana jioni ileile unayofika.